Miunganisho Elfu Iliyo Kimya: Select, Poll au Epoll?

Tuseme kijana wa Nyasura, pale mjini Bunda, amepewa kazi na chama cha wakulima wa pamba. Mizani ya kila kituo cha kununulia itume uzito wa mzigo kwenye seva moja, papo hapo, kwa laini ya simu. Msimu ukifunguliwa, kila kituo kitataka kubaki hewani kutwa nzima, lakini ndani ya dakika moja huenda vikaongea vitatu tu. Kabla ya kuuliza bei ya kukodi seva, kijana huyu anapaswa kujiuliza programu yake itajuaje ni nani ameongea.

Anayejua ni mfumo endeshi, na programu humuuliza kwa mwito maalumu. Miito hiyo ipo kadhaa na yote ni ya bure. Gharama yake hulipwa kwa muda wa prosesa, kwa memori na kwa saa za mwandishi wa programu. Ukichagua vibaya, mwisho wa mwezi unalipia seva kubwa kuliko kazi uliyonayo.

Mkongwe wao ni select, uliokuja na 4.2BSD mwaka 1983. Uzuri wake ni kwamba unapatikana karibu kila mfumo. Ubaya wake ni kwamba kila unapouliza unakabidhi orodha nzima ya miunganisho. Mfumo unaipitia yote, unakurudishia, nawe unaipitia tena. Ni kama karani wa pamba anayepigia simu vituo vyote, kimoja baada ya kingine, ilhali vyenye mzigo ni vitatu. Tena kwenye Linux orodha ya kawaida inaishia namba 1023. Ukivuka hapo hupati onyo: programu inaweza kuandika mahali pasipo pake kwenye memori na kuanguka, na itafanya hivyo siku yenye vituo vingi kuliko zote. Kwenye Windows kikomo cha kawaida ni 64. Kwa kazi mpya ya seva, sioni sababu ya kuuchagua.

Poll uliondoa kikomo hicho, lakini desturi ya kubeba orodha ukaiacha palepale. Kila muunganisho unachukua baiti 8, kwa hiyo miunganisho 10,000 ni baiti 80,000 zinazokabidhiwa kila unapouliza, hata kama aliyeongea ni mmoja. Kwa miunganisho 20 au 50, gharama hiyo huioni kabisa. Poll ni rahisi kuandika, ni rahisi kusoma, na kwa kifaa kidogo cha kituoni ningeuchukua bila wasiwasi.

Epoll ulianza kuingia kwenye Linux mwaka 2002, kazi ya Davide Libenzi, miaka michache baada ya Dan Kegel kuwauliza watengenezaji kwa nini seva moja isihudumie wateja 10,000 kwa pamoja. Hapa unaandikisha kila muunganisho mara moja tu. Baada ya hapo, ukiuliza unaletewa walioongea peke yao. Bei yake ni memori: takriban baiti 160 kwa kila muunganisho kwenye mashine ya biti 64. Miunganisho 10,000 ni kama MB 1.6, na hata seva ya bei ya chini yenye MB 512 haitaisikia.

Vipimo vingi vya kasi huchukuliwa kwenye mitandao ya haraka, miunganisho yote ikiwa na shughuli. Hali ikiwa hivyo, poll na epoll huachana kidogo tu, maana karibu kila aliyeulizwa ana jibu. Laini za simu za vijijini ni kinyume chake. Mtu anaunganishwa, anakaa kimya, anatuma kidogo, anakaa kimya tena. Anayehitaji epoll zaidi ni huyu mwenye seva ndogo na wateja wengi wasioongea, na kwa bahati mbaya ndiye anayeambiwa kwamba mambo hayo ni ya makampuni makubwa.

Epoll una namna mbili za kuarifu. Ya kawaida inakukumbusha mpaka data iishe. Nyingine inakuarifu mara moja tu hali inapobadilika. Usiposoma mpaka mwisho, kituo kinaweza kubaki kikisubiri bila wewe kujua. Baki na ya kawaida.

Kuna pia io_uring, iliyoingia Linux 5.1 mwaka 2019, kazi ya Jens Axboe. Inahudumia hata mafaili ya diski, ambayo epoll huyakataa. Ni nzuri kwa hifadhidata nzito. Lakini mwaka 2023 Google ilieleza kwamba asilimia 60 ya mashambulizi yaliyowasilishwa kwenye mpango wake wa zawadi za usalama wa Linux yalipitia hapo, ikaizima kwenye seva zake. Kwa mizani ya pamba, haina faida inayolingana na hatari hiyo.

Anayetumia asyncio ya Python 3.4 na kuendelea, au Node.js, tayari anapewa epoll kwenye Linux, na mwenzake kqueue kwenye Mac au FreeBSD, bila kuandika mwito wowote kwa mkono. Pandisha tu kikomo cha mafaili yaliyo wazi, ambacho mara nyingi ni 1024.

Bajeti ibakishe nafasi ya bando. Simu ikipoteza mtandao ghafla, hakuna hata mmoja kati ya miito hii utakaokuambia. Linux yenyewe husubiri saa 2 kabla ya kuanza kupima muunganisho ulio kimya, na hiyo ni pale tu ulipoiomba ipime. Kituo kitume salamu fupi kila dakika. Salamu na jibu zikiwa baiti 200, ni KB 288 kwa siku, chini ya MB 9 kwa mwezi kwa kila laini.