Je, Wajua? Boganvilia Hupenda Kiangazi

Ulaya, bustani za majira ya baridi hupambwa na vichaka vya erika. Homa Bay na Migori, jua la Januari linapochoma, kazi hiyo ni ya boganvilia. Asili yake ni Amerika Kusini. Jina limetokana na baharia Mfaransa, Louis-Antoine de Bougainville.

Ile rangi ya zambarau au nyekundu si petali, bali ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni dogo, jeupe, katikati yake.

Ipande penye jua la kutwa. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, inua tuta ili maji yasituame. Imwagilie kwa kiasi: maji mengi huzaa majani, si maua. Ipogoe ikimaliza kuchanua, ukivaa glavu. Ina miiba mikali.