Mjumbe Asiye Mchungaji: Wajibu wa Mlei katika Mkutano Mkuu wa Kanisa la Kilutheri

Utangulizi

Mkutano mkuu wa kanisa hudhaniwa na wengi kuwa shughuli ya maaskofu na wachungaji peke yao. Dhana hiyo si sahihi kwa makanisa ya Kilutheri. Humo ukumbini huketi pia walei, yaani waumini wasio na daraja la uchungaji: walimu, wakulima, wauguzi, wachuuzi na vijana waliochaguliwa na wenzao. Makala hii inanuia kufafanua wajibu wa mjumbe wa aina hiyo, hasa yule anayetoka katika mtaa kama Munyaka, mjini Eldoret, ambako Walutheri ni wachache miongoni mwa Wakristo wa madhehebu mengine. Hoja inayotetewa ni kwamba kazi ya mjumbe haiishii kwenye kura. Hupimwa kwa jinsi anavyoyarejesha maamuzi kwa wale waliomtuma.

Neno lenye mizigo miwili

Kiswahili kimempa mtu huyu jina la mjumbe, na jina hilo lina maana zaidi ya moja. Kwanza, mjumbe ni mpeleka habari. Ndiyo maana wahenga walinena kuwa mjumbe hauawi: maneno aliyoyabeba si yake, hivyo haifai aadhibiwe kwayo. Pili, mjumbe ni mtu mwenye kiti na kauli katika baraza, kama asemwavyo mjumbe wa kamati au wa bodi. Huyu wa pili hapeleki tu maneno ya wengine, bali husikiliza, hupima na kuamua.

Mlei anayehudhuria mkutano mkuu hubeba mizigo yote miwili. Anapowasilisha kilio cha usharika wake, yeye ni mpeleka habari. Anapopiga kura, yeye ni mwamuzi, na hapo hawezi tena kujificha nyuma ya methali, kwa kuwa kura ile ni yake.

Asili ya nafasi ya mlei

Nafasi hii si hisani ya wachungaji. Mwaka 1520 Martin Luther aliwaandikia watawala wa Ujerumani akidai kwamba wote waliobatizwa wana hadhi moja ya kiroho, na kwamba mchungaji hutofautiana na wenzake kwa kazi tu. Mwaka 1523 alitoa kijitabu kingine akisema kuwa kusanyiko la Wakristo lina haki ya kuyapima mafundisho na kuwaita walimu wake.

Ungamo la Augsburg, ambalo ni msingi wa imani ya Kilutheri, lilidhihirisha jambo hilo. Mwandishi wake mkuu, Philipp Melanchthon, hakuwa mchungaji. Lilisomwa mbele ya Mfalme Karolo wa Tano tarehe 25 Juni 1530 na Christian Beyer, mwanasheria wa serikali ya Saksonia. Waliolitia sahihi walikuwa watawala pamoja na wawakilishi wa miji ya Nuremberg na Reutlingen. Kwa maneno mengine, hati hiyo kuu ilipelekwa barazani na wajumbe walei.

Uzito wa kura

Nchini Kenya, Ulutheri uliingia kwa njia zaidi ya moja. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Kenya lina chimbuko lake katika kazi ya wamisionari wa Uswidi walioanza Itierio, Kisii, mwaka 1948. Kanisa jingine la Kilutheri lilichipuka kutokana na kazi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), ambalo lenyewe lilizaliwa mwaka 1963 makanisa saba yalipoungana.

Mikutano ya makanisa kama haya hujadili bajeti, katiba, uchaguzi wa viongozi na hata mafundisho. Mwaka 1990 Mkutano Mkuu wa KKKT uliruhusu wanawake wabarikiwe kuwa wachungaji, huku kila dayosisi ikiachiwa uamuzi wa kutekeleza. Kanisa la Kenya lenye asili ya Uswidi limeshikilia msimamo tofauti. Mwaka 2023 mkutano wa KKKT ulimchagua Askofu Alex Malasusa kuwa Mkuu wa Kanisa. Kimataifa, mkutano wa Shirikisho la Kilutheri Duniani uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1977 ulimchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza, na ukatamka kuwa kuukataa ubaguzi wa rangi kusini mwa Afrika ni suala la imani yenyewe. Mambo ya uzito huo hayafai kuamuliwa na mjumbe ambaye hakusoma ajenda.

Je, mjumbe afanyeje iwapo usharika ulimtuma akatae, lakini mjadala ukamshawishi akubali? Ikiwa amefungwa kabisa na maagizo, mjadala hauna maana, barua ingetosha. Ikiwa hafungwi na lolote, waliomtuma hawana mwakilishi. Njia ya haki ni kuusema msimamo wa usharika kikamilifu, kupiga kura kwa dhamiri, kisha kurudi na kueleza sababu uso kwa uso.

Safari ya kurudi

Sura ya kumi na tano ya Matendo ya Mitume inatoa mfano. Baada ya mashauri ya Yerusalemu, Yuda aitwaye Barsaba na Sila walitumwa Antiokia pamoja na Paulo na Barnaba. Walikuwa na barua, lakini pia walitakiwa wayaeleze mambo yale kwa vinywa vyao.

Munyaka ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Nairobi, na katika mtaa wa mjini waumini huwa na lugha za mama tofauti. Pale nyaraka za mkutano zinapoandikwa kwa Kiingereza, mjumbe ndiye daraja. Hana budi kuyafasiri maazimio kwa Kiswahili kinachoeleweka na bibi asiyekwenda shule na kijana wa bodaboda kwa pamoja. Akiyaeleza kwa lugha ya kabila lake kwa watu wa kwao tu, wengine watashuku kwamba kuna lililofichwa. Katika Eldoret, mji ulioshuhudia damu ya majirani ikimwagika baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, shaka ya namna hiyo si jambo dogo. Mjumbe ametumwa na usharika mzima, wakiwemo wale wasiompigia kura.

Hitimisho

Ni dhahiri kwamba ujumbe wa mlei una hatua tatu: kutumwa, kuamua na kurejesha. Hatua mbili za mwanzo hulindwa na katiba na taratibu za mkutano. Ya tatu hulindwa na uaminifu wa mjumbe na lugha yake. Usharika unapomchagua mjumbe, basi, usitazame tu ufasaha wake mbele ya maaskofu, bali pia subira yake ya kuketi na waumini Jumapili inayofuata, akajibu maswali yao hadi la mwisho.