Siku 30 zinazoamua haki ya aliyeachishwa kazi

MFANYAKAZI wa sekta binafsi anayeachishwa kazi mkoani Mbeya au Iringa, awe wa mashamba ya chai ya Rungwe na Mufindi, kiwanda cha mbao au duka la mjini, ana siku 30 tu za kupinga uamuzi huo mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA).

Siku hizo huhesabiwa tangu tarehe ya kuachishwa au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho, si tangu mfanyakazi alipopata fedha za kumlipa wakili. Madai mengine, kama vile mishahara na likizo, yana siku 60. Aliyechelewa anaweza kuomba kuongezewa muda, lakini ni lazima atoe sababu za msingi, na ombi laweza kukataliwa.

Ofisi za CMA zipo katika miji ya Mbeya na Iringa, na Tume haitozi ada. Mlalamikaji hujaza fomu namba moja, humpelekea mwajiri nakala na kutunza uthibitisho wa kupokewa kwake. Sheria haimlazimishi kuwa na wakili. Anaweza kujieleza mwenyewe au kuwakilishwa na kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi.

Shauri huanza kwa usuluhishi, na likishindikana huenda kwenye uamuzi. Asiyeridhika na tuzo huiomba Mahakama Kuu kuifanyia mapitio ndani ya wiki sita.

Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiri ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu wa haki. Hata hivyo, kinga hiyo haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita. Watumishi wa umma nao hutakiwa kuanzia kwenye mamlaka zao, ikiwamo Tume ya Utumishi wa Umma.

Wakili huwa na manufaa zaidi pale shauri linapohusu mkataba unaobishaniwa, upunguzaji wa wafanyakazi, au linapofika Mahakama Kuu. Kabla ya kumlipa, mteja ahakikishe kupitia mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kwamba leseni yake ni hai, kisha waandikiane iwapo ada ni ya usuluhishi pekee au hadi mwisho wa shauri, na nani atagharamia nauli.

Makubaliano hayo ni muhimu kwa kuwa katika mashauri ya kazi aliyeshindwa kwa kawaida haamriwi kulipa gharama za mwenzake. Ada ya wakili, basi, hutoka mfukoni mwa mfanyakazi hata akishinda. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Mkataba, hati za mshahara, barua za onyo na barua ya kuachishwa ndizo silaha za kwanza. Fomu ikishapokelewa ndani ya muda, wakili anaweza kutafutwa baadaye. Muda ukipita, hata wakili hodari ataanza kwa kuomba radhi ya kuchelewa.