Mavazi ya madoadoa: Kujificha kwa mnyama, kujianika kwa askari

Suruali ya madoadoa ya kijani na hudhurungi ikichomoza kwenye rundo la mitumba, mnunuzi wa Mbumbuni, Kaunti ya Makueni, huenda akaiona vazi imara la kupenyea vichaka vya miiba. Kisheria, hata hivyo, ameokota balaa. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inamharamishia raia kuvaa sare ya jeshi, au nguo inayofanana nayo, bila idhini. Nchini Tanzania, Agosti 2023, jeshi liliwapa raia siku saba kusalimisha mavazi ya aina hiyo.

Uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku Kenya mnamo Mei 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza ule wa burudani na hata ule wa kutafuta kitoweo. Anayehitaji kujificha porini leo kihalali ni mtafiti, mpiga picha au mtazama ndege. Kwa hao, kaki inatosha.

Wanyama wenye kwato, kama vile swara na nyati, hawazioni rangi kama binadamu. Nyekundu na kijani huwatatiza kuzitofautisha, ilhali buluu huwajia wazi. Kinachomfichua mtu ni shati jeupe, mkono usiotulia na, zaidi ya yote, harufu. Wakamba wa kale, waliowinda kwa pinde na mishale ya sumu ya msunguti, walilazimika kumkaribia sana mnyama bila kipande chochote cha kitambaa cha madoadoa. Silaha yao ya kwanza ilikuwa kujua upepo unakovuma.

Kwa mtazama ndege mambo hubadilika, kwani ndege huona rangi vyema kuliko binadamu. Hapo nguo sharti ifuate msimu. Wakati wa kiangazi vichaka vya migunga vya Ukambani hubaki kijivu juu ya udongo mwekundu. Kaki iliyopauka au kahawia huzama humo, na kijani kibichi huonekana kutoka mbali. Mvua ya vuli ikishanyesha, kijani kizito ndicho kifaacho.

Buluu iliyokoza na nyeusi ziachwe nyumbani penye mbung'o. Wadudu hao huvutwa na rangi hizo, na ndiyo sababu mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi.