Vakanse ya Noeli Masisi na Walikale: wiki mbili za furaha, kazi na hesabu ngumu kwa wazazi

Shule za Kivu Kaskazini zinapofunga kwa ajili ya Noeli na Bonane, nyumba za Masisi na Walikale hujaa ghafla. Wadogo wa shule ya msingi wanarudi na buletini zao. Vijana wa sekondari waliokuwa wakikaa kwa mashangazi na wajomba mjini wanatafuta njia ya kufika nyumbani. Wazazi nao wanaanza hesabu ndefu: chakula cha sikukuu, nguo, minervali ya Januari na, zaidi ya yote, kijana wa miaka 15 atalala wapi na atashinda akifanya nini kwa siku zote hizo.

Vakanse yenyewe ni fupi, kama wiki mbili tu. Lakini ndani yake mna Noeli ya tarehe 25 Desemba, Bonane ya tarehe 1 Januari na Siku ya Mashahidi wa Uhuru ya tarehe 4 Januari, inayowakumbuka waliouawa Léopoldville mwaka 1959. Siku chache baadaye kengele inalia tena, na mtoto anatakiwa awe kwenye dawati akiwa na daftari, viatu na afya.

Arudi nyumbani au abaki aliko?

Kwa familia nyingi, swali hili ndilo la kwanza na ndilo gumu kuliko yote. Masisi na Walikale ni wilaya jirani, lakini vita vimezitenganisha. Kundi la M23 liliingia Masisi-centre Januari 2025, na mwishoni mwa mwezi huo likauchukua mji wa Goma. Mwezi Machi liliingia Walikale-centre, kisha mwanzoni mwa Aprili likaondoka na mji ukarudi mikononi mwa upande wa serikali. Tangu hapo kuna familia ambazo baba yuko upande mmoja, watoto upande mwingine, na katikati kuna vizuizi, wapiganaji wa M23, Wazalendo na njia ambayo leo imefunguka na kesho imefungwa.

Barabara nayo ni mtihani hata pasipo risasi. Desemba bado ni mwezi wa mvua. Kutoka Sake kupanda milima ya Masisi ni matope na makorongo, na kuteremka kuelekea misitu ya Walikale ni kazi ya motari mzoefu. Walikale ndiyo wilaya kubwa kuliko zote katika jimbo, na ukubwa huo hauna barabara za kuulingana. Kwa miaka mingi ndege ndogo zimekuwa zikitua Kilambo, kwenye kipande cha barabara ya lami, kwa kuwa kusafirisha mizigo kwa njia ya nchi kavu kulishinda. Wengine huzungukia Bukavu kupitia Bunyakiri na Hombo, au hushika njia ya Lubutu na Kisangani. Huo si mwendo wa kumtuma mtoto peke yake.

Ndiyo maana Desemba wazazi wengi huamua kinyume na moyo wao: mtoto abaki aliko. Uamuzi huo una machungu yake, kwa sababu kwa desturi ya huku Bonane ni siku ya kuonana. Mjukuu huenda kumsalimia bibi, na bibi humpokea kwa kuku na kumwekea mkono kichwani. Lakini kuonana kunaweza kungoja, njia mbaya haina msamaha. Familia zinazoamua safari ifanyike zina taratibu zao: kuulizia njia kwa watu waliopita siku hiyo hiyo na si wiki iliyopita, kusafiri asubuhi, kumkabidhi kijana kwa mtu mzima anayejulikana pande zote mbili, na kumpa kadi ya mwanafunzi aibebe mfukoni. Kijana mrefu asiye na karatasi ya kuonyesha umri wake ndiye anayesumbuliwa zaidi kizuizini.

Pesa ya sikukuu, pesa ya shule

Tangu Septemba 2019 serikali ya Kongo ilitangaza elimu ya msingi kuwa ya bure katika shule za umma. Sekondari haikuingia katika mpango huo. Kwa hiyo nyumba yenye watoto wawili katika shule ya msingi na watatu wa sekondari huingia Januari ikiwa na deni la minervali kabla hata mifupa ya kuku wa Noeli haijakauka.

Hapa ndipo akina mama wa vyama vya akiba na mikopo, vinavyojulikana kwa kifupi cha Kifaransa AVEC, wanapoonyesha ustadi wao. Wanachama huweka fedha kidogo kidogo kila wiki kwenye sanduku, wanakopeshana, na mwisho wa mzunguko wanagawana akiba na faida. Vyama vingi hupanga mgawanyo uangukie Desemba, kwa sababu hiyo ndiyo saa ya uhitaji. Hatari iko hapo hapo: fedha ya mwaka mzima inafika mkononi siku chache kabla ya sikukuu, watoto wanalilia viatu vipya, na jirani ameshanunua mbuzi.

Mama mwenye uzoefu hugawa kabla hajafika sokoni. Kwanza anatoa minervali, na ikiwezekana anailipa shuleni kabisa ili isirudi nyumbani. Pili anatoa mbegu, maana msimu wa pili wa kilimo unaanza Februari. Kinachobaki ndicho cha sikukuu. Nguo za mitumba hununuliwa mapema, kabla bei haijapanda katika wiki ya mwisho, na shati linachaguliwa ambalo litavaliwa kanisani tarehe 25 na shuleni Januari.

Kwa wanaotegemea fedha kutoka Goma, mambo yamebadilika. Benki za mjini zilifunga milango baada ya mji kuanguka Januari 2025, na sasa msaada wa kaka au shangazi hupita zaidi kwenye simu. Kila anayetoa fedha kwa wakala hukatwa, na mahali ambapo fedha taslimu ni adimu makato huwa makubwa. Familia nyingi zimejifunza kuomba mara moja kiasi kinachotosha badala ya kuomba kidogo kidogo mara tano.

Mikono ya watoto, na mpaka wake

Vakanse ya kijijini haijawahi kuwa ya kulala. Katika milima ya Masisi, viazi vilivyopandwa Septemba vinachimbwa, maharage yanapaliliwa, ng'ombe wanachungwa kwenye majani ya baridi, na maziwa yanapelekwa kwa watengenezaji wa chizi ya Masisi inayojulikana hadi Kinshasa. Wavulana hupakia magunia ya viazi kwenye chukudu na kuiteremsha mlimani. Upande wa Walikale, watoto hufuata wazazi kwenye mashamba ya mpunga na mihogo, wanasaidia kukamua mafuta ya mawese, na kuvua samaki mitoni.

Kazi hizo humfundisha mtoto maisha, mradi zisimmalize. Tofauti huonekana jioni: mtoto aliyefanya kazi ya kiasi chake bado ana nguvu ya kucheza. Hapa wasichana ndio wanaopunjwa mara nyingi. Kaka anarudi shamba na kwenda kupiga mpira, dada anarudi shamba na kuanza kuteka maji, kutwanga sombe na kumwogesha mdogo. Mvulana wa miaka 14 anaweza kuteka maji na kuosha sufuria, na vakanse ndiyo nafasi ya kuanza, kwa kuwa baba yupo na anaonekana akitoa amri hiyo.

Mpaka usiovukwa ni shimo la mgodi. Rubaya, katika wilaya ya Masisi, hutoa sehemu kubwa ya koltani ya dunia, inayokadiriwa kuwa takribani asilimia 15. Walikale ina Bisie, mlima wa kasiterite. Kwa kijana anayeona wazazi wakihangaika na minervali, siku kumi za kubeba au kuosha madini zinaonekana kama jibu. Sheria ya Kongo inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi mgodini, na sababu ziko wazi kwa kila mkaaji: udongo wa Rubaya huporomoka, na mvua za msimu huu huulainisha zaidi. Aidha, aliyeonja fedha ya mgodi Desemba mara nyingi harudi darasani Januari.

Tishio jingine ni bunduki. Ripoti za Umoja wa Mataifa kuhusu watoto na vita zimeyataja makundi mengi ya Kivu, mwaka baada ya mwaka, kwa kuwaingiza watoto katika safu zao. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza jambo hilo. Lakini kijijini, kinachomlinda kijana kwanza ni kutokuwa peke yake, kuwa na ratiba, na kuwa na mtu mzima anayejua yuko wapi saa kumi na moja jioni.

Kwaya, mpira na karisi

Ratiba hiyo haihitaji fedha nyingi. Makanisa, yawe ya Kikatoliki au ya Kiprotestanti kama CBCA, hufanya mazoezi ya kwaya na michezo ya kuigiza kuzaliwa kwa Yesu. Kijana aliyepewa nafasi ya Herode au mchungaji wa kondoo ana mahali pa kwenda kila alasiri. Mahali ambapo usiku si salama, mkesha huhamishiwa mchana, na watoto hurudi nyumbani kwa makundi kabla ya giza. Mashindano ya mpira baina ya mitaa hufanya kazi hiyo hiyo, na mara nyingi huwachezesha pamoja watoto wenyeji na watoto wa wahami.

Jioni ni zamu ya wazee. Wanyanga wa Walikale wana utajiri ambao dunia inausoma vyuoni: karisi, masimulizi marefu ya mashujaa, likiwemo la Mwindo. Mwaka 1956 Daniel Biebuyck aliliandika kutoka kinywani mwa msimuliaji She-Karisi Rureke, na mwaka 1969 likachapishwa kwa kazi yake pamoja na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha na Mnyanga mwenyewe. Ni kisa cha chifu Shemwindo anayemkataa mwanawe tangu kuzaliwa, mtoto anayepata kimbilio kwa shangazi yake Iyangura, na hatimaye baba na mwana wanaokaa pamoja na kugawana utawala.

Mzazi anayegombana na kijana wake kila asubuhi ya vakanse atakiona kisa hicho si cha zamani sana. Na kijana aliyehifadhiwa kwa shangazi tangu vita vilipomtoa kwao atajitambua ndani yake bila kuelezwa.

Mwalimu atakapoita majina asubuhi ya kwanza ya Januari, ndipo itakapojulikana vakanse ilikwendaje. Mwenye shati kuukuu ataitika. Mwenye deni la nusu minervali, ambalo mzazi amekwenda kuliombea muda kwa mkuu wa shule, naye ataitika. Wanaotia hofu ni wale ambao majina yao yanasomwa mara mbili na darasa likabaki kimya.