Kelele za Mnyororo katika Pikipiki Iliyoshuka

Pikipiki ndogo za abiria katika komini ya Manika, ambayo pamoja na Dilala ndiyo ifanyayo mji wa Kolwezi, hutwikwa kazi ambayo waliozitengeneza hawakuikadiria: watu wawili nyuma ya dereva, au magunia ya makaa, juu ya njia za udongo mwekundu ambazo kiangazi ni vumbi na wakati wa mvua ni matope. Springi za nyuma zikichoka kwa mizigo hiyo, au fundi akizifupisha ili mwenye kimo kifupi apate kukanyaga ardhi, pikipiki hushuka, na aghalabu mnyororo huanza kugongagonga. Dereva hudhani umelegea tu, akaukaza mpaka unyamaze; na kukaza huko ndiko kunakoleta hasara.

Asili ya kelele hii imo katika mahali pa vitu vitatu: gurudumu la meno la mbele, litokalo katika giaboksi, bawaba ya uma ushikao gurudumu la nyuma, na ekseli ya gurudumu hilo. Vitatu hivi vikilala juu ya mstari mmoja ulionyoka, umbali baina ya meno ya mbele na ya nyuma huwa mkubwa kupita wakati wowote, na mnyororo hukaza kwa ukomo wake. Uma ukipanda juu ya mstari huo au ukishuka chini yake, mnyororo hulegea. Pikipiki itokapo kiwandani uma wake huinamia chini, hata uzito wa abiria huusogeza kwenye mstari na kuukaza mnyororo. Ndiyo sababu huagizwa uachiwe nafasi ya kucheza, ambayo kwa nyingi ndogo ni baina ya milimita 20 na 35, pikipiki ikiwa tupu. Walakini iliyoshuka imekwisha kuukaribia mstari kabla hajapanda mtu, na mzigo ukizidi uma huuvuka, mnyororo ukalegea mara ya pili, ukapiga uma kwa chini au bati linaloufunika. Madhali umekazwa kwa kuusikiliza katika hali hiyo, kila uma upitapo mstarini hukosa nafasi, na nguvu zote huangukia beringi za giaboksi.

Basi kipimo kichukuliwe pale pale penye ukomo. Watu waketi juu ya pikipiki, au shokapu zifunguliwe na uma uinuliwe kwa mkono, mpaka vitu vile vitatu viwe sawasawa. Hapo mnyororo uachwe ucheze kidogo, hata kama pikipiki ikiwa tupu utaonekana umelegea kuliko desturi. Gurudumu lizungushwe kwanza, maana mnyororo uliochakaa haukazi sawa kila mahali, na kipimo ni cha pale ulipokaza zaidi. Kwa rai yangu, hata hivyo, tiba iliyo bora ni kurudisha springi zenye urefu na nguvu zinazostahili mzigo.

Vumbi nalo lina sehemu yake. Mnyororo wa namna hii, ambao Hans Renold, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Manchester, aliusajili mwaka 1880, huliwa kwa ndani, pini zikisagana na bushi zake, na mafuta yaliyochanganyika na mchanga huharakisha kusagana huko. Uoshwe kwa mafuta ya taa na brashi, ukauke, upakwe mafuta mazito ya gia, na ya ziada yafutwe. Kisha uvutwe kwa nyuma kutoka katika gurudumu kubwa la meno: ukiachana nalo hata nusu ya jino ikaonekana, umekwisha, na hakuna kipimo kitakachoutuliza.

Nanyi wenye pikipiki, mpokeao fedha za kila siku kutoka kwa madereva, toeni gharama ya mnyororo pamoja na magurudumu yake mawili ya meno kwa mara moja, kwani mnyororo mpya juu ya meno yaliyochongoka huharibika mapema, na ukiruka katika meno huweza kulifunga gurudumu la nyuma ghafula, abiria wakiwa juu yake.