Gumba ipite chini

Wandugu wanafunzi, na walimu wetu pia, mwisho wa mwaka huu sisi wa mwaka wa sita tutatoka. Piano ya shule itabaki na nani? Wengi wenu munapigaka nyimbo za kwaya kwa vidole viwili ao vitatu, kwa kusikia tu. Si vibaya, lakini wimbo ukianza kukimbia, mkono unafungwa katikati. Dawa yake njo gamu, ni kusema kupanda na kushuka noti kwa utaratibu.

Hesabuni vidole: gumba ni 1, kidole kidogo ni 5, mikono yote miwili. Kutoka do mpaka do ya juu kuko noti nane, na vidole ni vitano. Njo pale kazi iko. Mkono wa kuume unapiga 1-2-3 kwa do-re-mi, kisha gumba inapita chini ya kidole cha 3 na kushika fa, halafu 2-3-4-5. Wa kushoto ukipanda: 5-4-3-2-1, kisha cha 3 kinapita juu ya gumba, 3-2-1. Musingoje: kidole cha 2 kikipiga re, gumba iwe imeanza safari. Na kiwiko kitulie. Wengine wanakitupaka sawa kuku anayetaka kuruka.

Gamu ya fa, mkono wa kuume, haifuati mpango ule. Noti yake ya ine, si bemoli, ni nyeusi, na gumba ni fupi, haifai kupanda kule. Kwa hiyo 1-2-3-4, gumba inaangukia do, nyeupe, halafu 2-3-4.

Arpeji do-mi-sol-do: kuume 1-2-3-5, kushoto 5-4-2-1. Hapa vidole vinatanuka, mupige polepole.

Wengine wanasema hii ni sheria ya Wazungu ya tangu zamani. Hapana! Carl Philipp Emanuel Bach aliandika mu 1753 kwamba baba yake, akiwa kijana, alisikia wapigaji wakubwa wasiotumia gumba ila pale ilipolazimu kutanua mkono sana. Na kwetu Katanga, Mwenda Jean Bosco wa Bunkeya, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mu 1952, alipiga gitaa kwa gumba na kidole cha pili tu, kila kimoja na kazi yake. Ukimusikia utafikiri ni watu wawili.

Piano ni moja, sisi ni wengi. Asiyepata zamu apige 1-2-3-1 juu ya meza. Lakini si saa ya kujisomea magaribi: tutamwandika jina.